Miguu Yangu Sasa Inafika Chini

Papa Aurore,

Chai iko ndani ya thermos. Maharagi iko kwa moto (ile ya makala, moto ya kupanda niko nayo mimi). Ongeza maji mbele ya kukauka. Aurore anywe dawa yake ya kikohozi.

Usishangae kukuta funguo zako za kufungua boliti zimejaa grisi. Asubuhi hii, wakati ulikuwa unalala, nilishusha ressort za nyuma za moto, zile springi. Kwanza nilishusha ya upande moja tu, nikapanda, nikashangaa haishuki muzuri. Usicheke.

Jana kwa barrière ya Nyantende, pale wanafunga njia, askari alisema: "Simama, maman, miguu chini!" Yangu haikufika chini. Moto ikaanguka, mimi chini yake, dawa za dispensaire nilizobeba zikamwagika katikati ya njia. Na wewe jioni unaniambia nivae viatu vya talon, nirefuke! Nilicheka, lakini iliniuma.

Sasa iko sawa. Ni taa ya mbele tu inaangalia mbinguni kama katekista.

~~Jioni unaweza kuirudisha kama zamani.~~ Hapana, usiguse! Ukiipanda hivi, magoti yako itafika ku masikio. Na wewe hautoki: kwa barrière wanaume bado wanachukuliwa kubeba masanduku ya risasi. Kaa ndani, hata kama rafiki yako Mushagalusa anakuita.

Siku barrière zitaondoka, nitapandisha ressort mimi mwenyewe mpaka urefu wako, nikae nyuma, nikushike kiuno.

Maman Aurore

(Maharagi!)