Pengo la G Kwenye Bango

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya Stendi.
Jumatano, 14 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Leo nitakueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo Baba angependa niyaruke. Kwanza, u hali gani huko? Kifua kimepona? Sisi tu wazima. Bibi sasa anatembea bila fimbo, ila anaibeba ili kumtishia paka.

Unaukumbuka ubao wako wa herufi, ule uliochora alfabeti uliyoibuni mwenyewe? Ulipoondoka, Baba aliulaza akaufanya meza ya makopo ya rangi. Wiki iliyopita alikuja bwana anayefungua ukumbi wa michezo ya kompyuta.

"Mzee, nataka herufi zenye sura ya kesho."

"Kesho mimi sijawahi kuiona," Baba akamjibu.

Yule bwana akasogeza kopo apate pa kuegemea, akaiona M yako. "Si hizi hapa!"

Tangu hapo nyumbani hapakaliki. Ukumbi unaitwa MZINGO, na bango lisipokuwa juu Jumamosi, kazi inakwenda kwa wenye mashine za kuchapa mabango ng'ambo ya barabara. Baba anachora kwa rula, na kwa bikari niliyoazima kwa mwalimu wa hesabu, huku amenuna kama anayemeza dawa chungu.

Lakini Baba Mdogo, zinapendeza! O ni duara kamili. A ya ubaoni haina mstari wa katikati, imesimama kama ngazi iliyofunguliwa. Unene ni uleule toka mwanzo hadi mwisho. Nilipozichora ndogo, za saa za kufungua, zilibanana kama wavu. Baba akasema, "Hizi ni za kusimama juu ya paa, si za kusomwa karibu na pua. Saa nitaandika kwa mkono wangu." Nikajua amezielewa kuliko anavyokiri.

Shida ni G. Mahali pake ubaoni pana duara la penseli tu. Baba anasema, "Ilimshinda, ndiyo maana akakimbia." Mimi nakumbuka mligombana kabla hujaimaliza. Basi nimechora yangu kwa chaki ukutani: duara lako, limefunguliwa kulia, lina ulimi mfupi ulionyooka. Baba aliitazama kutoka ng'ambo ya barabara, akarudi, akaanza kuosha brashi ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema, "Mwandikie. Siwezi kumalizia kazi ya mdogo wangu bila yeye kujua."

Hajakuita mdogo wake tangu uondoke.

Sasa bango lina MZIN, pengo, halafu O. Wauza viatu wanatucheka: "Fundi, bango lako limeng'oka jino!" Baba ameshaichanganya rangi.

Msalimie sana Mama Mdogo, na mapacha uwabusu. Bibi anakuombea njia yako iwe nyeupe.

Dereva wa basi atakayekupa barua hii anarudi huku Ijumaa. Mchoro mdogo wa G yangu uko nyuma ya karatasi hii. Je, ulimi uishie hapo katikati, au utapanda basi hilohilo uje uuchore mwenyewe?

Mwanao akupendaye na kukungoja,
Kifutio