Kitabu cha Nyimbo za Mama Yako

Swabra mwanangu,

Wali umo sufuriani. ~~Usinisubiri, sina njaa.~~ Niwekee sahani, ntarudi.

Asubuhi nilikufokea. Nilitaka nyimbo za marehemu mama yako zitoke kama kitabu kabla ya Ramadhani, na wale wachapishaji wa mtandaoni walisema nilipe kwa bitkoini leo leo. Ukaniambia, "Baba, sarafu hizo zikishatoka hazirudi." Nikaona wewe wanisomesha. Kumbe ulishamtafuta yule mwalimu wa Lamu wanayejisifu kumchapishia, ukampigia simu, naye akasema hawajui kabisa! Wakubwa wetu wana macho ya kututoza kodi tu, matapeli hawawaoni. Wewe umewaona kwa simu moja.

Mama yako hakununua samaki bila kumfunua mashavu aone kama hajaoza, na muuzaji anune mpaka achoke. Leo umenikumbusha yeye, hasa. Mchapishaji mtafute wewe, nami nitangoja.

Nakwenda kumwonya rafiki yangu Uweis, naye alikuwa karibu kuwalipa matapeli hao.

Samaki wamo kwenye beseni, ni changu, nimewanunua mwenyewe. Wafunue kabla hujawakaanga. Mimi sikuwafunua.

Babako