Suhaib kamletea Nurul mtu wa kwao

Ummi, Suhaib kaharibu. Kaharibu vibaya!

Si unamjua Nurul, yule Mburma fundi simu, jirani yetu wa duka hapa mtaani La Rochelle? Asubuhi kaja mteja dukani kwetu anaongea na simu. Suhaib kamuuliza ni lugha gani hiyo. Kirakhine, kasema. Lugha ya kina Nurul!

Na Suhaib unavyomjua, akisikia Mtanga mwenzake ng'ambo ya barabara anavuka robot nyekundu, ndizo taa za barabarani huku, akamkumbatie. Kamshika mgeni mkono mpaka kwa jirani. "Nurul, nimekuletea ndugu yako!"

Mgeni kasalimia kwa lugha yao. Nurul rangi ikamtoka. Kajibu kwa Kiingereza: "Sielewi. Mimi natoka Bangladesh."

Sielewi! Nurul huyu huyu anayembembeleza mwanawe kwa Kirakhine!

Mgeni katabasamu, kaondoka. Ndipo Nurul akamwambia Suhaib: "Waliotuchomea nyumba kwa Uislamu wetu walikuwa majirani. Lugha yetu moja." Kafunga duka mchana kweupe, kaenda kwake.

Ummi, labda yule mtu hana neno. Labda.

Lakini karudi sasa hivi. Kaona kufuli, hakuuliza kitu. Kanyoosha moja kwa moja nyumbani kwa Nurul.

Tunapiga simu, Nurul hapokei.

Nyumba Suhaib alishamwonyesha asubuhi, kwa furaha zake.