Mzambarau wa Ganda

Kwa Bi. Kadii, Ganda,
Malindi.
2 Machi 1986

Kaka yangu mpendwa Gerishom,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi yangu na watoto wote. Je, kikohozi cha wifi kimepoa? Mwambie asiache maji moto ya asubuhi, hata kama anayachukia. Mimi huku sijambo kabisa. Jua ni kali, lakini nimenenepa hata gauni langu la kanisani halifungi tena, na lawama ziende kwa matunda, zisije kwangu.

Najua unachotaka kusikia kwanza ni habari za ule mti. Nitakuambia, ila nivumilie nizifuate habari kwa mpango wake. Nikianza na mti, nakujua, utaikunja barua hapo hapo na kwenda kutafuta basi.

Ulinikataza kula vya njiani, nami nilikutii mpaka Kilifi. Pale basi liliposubiri feri, wanawake walitujia madirishani na masinia ya embe ngowe zilizochanjwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Sisi Ukambani tuna maembe yetu wala siyatukani, lakini kaka, ngowe ni jambo jingine. Mama niliyekaa naye aliniambia tunda hilo huliwa kwa kuinama. Nilimwona anajishaua, mpaka maji yalipofika kiwikoni na kuingia kwenye mkono wa sweta. Mpaka tunavuka nilikuwa nimekula tatu, na sweta hilo wifi asiliulizie.

Watamu nililala kwa binamu yetu Easter, yule anayefua mashuka hotelini. Anakusalimu sana. Alinipasulia fenesi zima kwa heshima yangu, nikalivamia bila kuuliza, utomvu ukanigandisha vidole nikashindwa hata kushika kikombe cha chai. Easter alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaniosha kwa mafuta ya nazi. Akanisimulia kwamba wageni wake wa Ulaya hula papai kwa kijiko, wamelikamulia ndimu, na kwamba yeye alijaribu siku moja kula hivyo kwa kuwacheka na tangu hapo hawezi kulila vingine. Nami nimejaribu. Hawakukosea.

Basi nikafika Ganda kwenye shamba lako jipya, nikamkuta fundi Thuku ananisubiri na ramani ya nyumba yako mkononi. Mti uko kama ulivyosema, katikati kabisa ya mahali ulipochora sebule. Jambo ambalo hukuniandikia ni kwamba ni mzambarau, na kwamba wakati huo ulikuwa mweusi kwa matunda, mengine yameanguka yenyewe na kupasukia mchangani. Thuku alikwenda kutafuta shoka la kuazima. Mimi nikabaki na mti.

Nilikula, kaka. Nilikula kama mtu aliye kwake, maana nilijua niko kwako. Kwenye shina palifungwa kitambaa chekundu chenye gamba la konokono, nikadhani ni mchezo wa watoto, nikakifungua nikafutia mikono. Hapo ndipo akatokea mwanamke mmoja mrefu, amejifunga leso mbili, akasimama akanitazama mdomo uliogeuka zambarau. Akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa. Nilimjibu kwa maringo kwamba shamba ni la ndugu yangu. Akasema hakuuliza habari za shamba.

Huyo ndiye Kadii, ambaye sasa nakaa kwake. Siku ile hakuwa rafiki. Alimwita Ngala, yuleyule aliyekuuzia, na Ngala akaja akacheka mpaka nikaona haya kwa niaba yako. Alinieleza kwamba huku shamba ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Kadii aliupanda mzambarau ule alipokuja kuolewa, kwa idhini ya baba yake Ngala, na tangu hapo ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Akasema ulimuuliza bei ya shamba na mipaka ya shamba, hukumuuliza mti ni wa nani, naye hakudhani kuna mtu mzima asiyeuliza.

Na kile kitambaa kilikuwa kago, dawa ya kulinda matunda. Anayeiba huvimba tumbo. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini hayo, lakini jioni ile tumbo lilinisokota nikaimba nyimbo za toba zote ninazozijua. Kadii alikuja na maji ya ndimu yenye chumvi, akaniambia nitamke kwamba nimekula kwa ruhusa yake. Nikatamka haraka sana. Kulipokucha nilikuwa mzima, ingawa naamini ilikuwa ndimu. Tangu siku hiyo akakataa nilale kwenye kibanda cha kuwekea saruji, akanihamishia kwake.

Haya yote nilikuandikia kwa kifupi mwezi wa kwanza, nawe ukajibu. Barua yako ninayo. Uliandika kwamba hati iko kwa jina lako na mti hauna hati, na kwamba nimwambie Thuku aukate alfajiri kabla mwanamke yule hajaamka. Nilimsomea Thuku. Akasema yeye ni fundi wa kujenga, hajawahi kujenga juu ya ugomvi, na akaenda kunoa mwiko wake. Nikabaki na amri yako mkononi na chakula cha Kadii tumboni, na nakuambia kweli, nilikosa amani. Wewe ni kaka yangu. Kadii naye hakuwa na kosa lolote ila kupanda mti.

Katikati ya hayo ikaja arusi. Kache, binti yake Kadii, alikuwa anaolewa na kijana wa Kilifi, na fundi nguo waliyemtegemea akawaruka siku zimekaribia. Kadii ana cherehani ya marehemu mumewe, Nzai, aliyekuwa fundi nguo wa mtaa mzima. Tangu afariki ilifunikwa leso, haikuguswa. Aliponiuliza kama naweza kushona, nilitia mafuta, nikakanyaga, ikaitika. Nilishona gauni la bibi arusi, nikashona magauni ya wasichana wa kumsindikiza, nikamshonea Kadii mwenyewe, na kanzu ya shemeji yake Masha ambayo hakuacha kuipigapiga kifuani. Tulikuwa tukishona na bakuli la zambarau liko kati yetu, zimetikiswa na chumvi kwenye kopo, na mara mbili nilikaribia kuliharibu gauni jeupe. Arusi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Ilipendeza mno, natamani wifi angeiona.

Sasa kaka, kaa chini.

Jumapili Kadii aliniuliza nataka nini kwa kazi yangu. Nilimwambia sitaki kitu, amenilaza na kunilisha. Akaudhika, akasema yeye si mtu wa kuonewa huruma. Jioni akamwita Ngala, akamwita Masha na majirani wawili, tukasimama sote pale shambani kwako. Akawatangazia kwamba mzambarau ule, shina na matawi na matunda yake, amempa Jedida binti Kasiva kwa jasho la mikono yake. Kisha akanitaka nichume mwenyewe, niwagawie mashahidi mmoja mmoja. Wakala. Huku wakishakula, wamekubali. Mti kweli hauna hati, ila sasa una watu wanne wenye ndimi nyeusi watakaosema ni wa nani.

Usidhani sikuiona hila yake. Nilimwuliza kwa siri tulipokuwa jikoni, naye hakuficha. Alisema mwenye shamba akigombana na Kadii hiyo ni kesi, lakini akigombana na dada yake hiyo ni aibu, na watu wengi huogopa aibu zaidi. Akaendelea kukuna nazi yake. Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka, nikatoka nje.

Kaka, nina miaka arobaini na miwili. Nimeishi katika nyumba ya baba, kisha katika nyumba yako. Hukuninyima kitu, na kila siku namshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini hata kitanda ninacholalia, wageni wakija ni chao, nami huhamia jikoni na watoto. Silalamiki, ndivyo nyumba zilivyo. Nataka tu ujue kwamba sikuwahi kuwa na kitu ambacho mtu akikitaka lazima aje aniombe mimi. Jumapili ile niliushika ule mti kwa mikono miwili mbele za watu, nikalia, wala sikuona haya.

Kwa hiyo ukitaka kuukata, niombe. Nami nakujibu mapema usije ukapoteza stempu: nimekataa.

Nyumba yako itajengwa na itakuwa nzuri. Nimemwambia Thuku aisogeze upande wa barabara, na msingi ameshachimba. Sebule imekuwa ndogo kidogo, baraza imekuwa kubwa. Mimi nitakaa hapa kuiangalia mpaka utakapostaafu, na wanawake wa Ganda wameshaniletea vitambaa vya kushona. Najua utakasirika. Kasirika wiki moja, halafu uje Pasaka na wifi na watoto, kabla zambarau hazijaisha. Utakaa kwenye ardhi yako, ndani ya kivuli changu, nami nitakukaribisha ule ushibe.

Nisalimie wote nyumbani, majirani na wenzangu wa kwaya. Kadii anakusalimu, anasema anangoja kumwona mtu aliyenunua shamba bila kuuliza. Thuku naye anauliza habari za mabati. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Jedida Kasiva,
mwenye mzambarau.