Mchumba Aliyenitoa Kwenye Mstari wa Majembe

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku kijijini Daudi tuko wazima, mahindi yamebeba, na babu yako bado anabishana na redio.

Ila swali lako limenichosha. Unaniuliza kama huyo kijana wako amebadilika kwa sababu amelia. Kwani hii ni mara ya kwanza kulia?

Nikiwa msichana nilikuwa na mchumba, mpole mbele za watu. Kila nikitoka kulima kwa majirani ananiambia, "Wale wanakucheka. Anayekupenda ni mimi tu." Nikaacha kwenda. Na huku kwetu usipolima kwa wenzako, nao hawaji kwako. Palizi ikanikuta peke yangu, magugu magotini.

Asubuhi moja jirani yetu, Mama Paulo, akaingia shambani na jembe lake. Nikamuuliza, "Si mnanicheka?"

Akanishangaa. "Sisi? Mchumba wako ndiye aliyesema hutaki tukanyage hapa."

Nilipomuuliza yule bwana, alilia. Alilia vizuri sana. Halafu, machozi hayajakauka, akataka kujua nani kaniambia.

Nikamwacha. Kwa muda mrefu nikisikia watu wanacheka nilidhani wananicheka mimi. Hofu hiyo iliisha polepole, nikiwa kwenye mstari na wenzangu tunalima.

Sasa dada yako analalamika hupokei simu zake. Nani alikuambia anakusema vibaya? Mpigie kwanza, ndipo uniulize tena habari za machozi.

Ni mimi bibi yako, nimekasirika na ninakupenda.