Chumba cha Leonhard Msimu wa Wageni

Linz,
Tarehe 3 Septemba.

Mpendwa Kaka Leonhard,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na ziwakute wewe, wifi Colleen na Edie mdogo mkiwa wazima. Kikohozi cha mtoto kimepona? Katika picha mliyonitumia amefunikwa skafu hadi machoni, nikabaki najiuliza huko kwenu kuna baridi ya namna gani mwezi wa Mei. Mpe maziwa ya moto yenye asali kabla ya kulala, na hizo dawa za rangi ya pipi ziacheni dukani. Mimi sijambo. Goti linanisumbua nikipanda ngazi, lakini kuuza miwani ni kazi ya kusimama mahali pamoja, kwa hiyo halinikoseshi raha sana.

Mama naye ni mzima wa mwili. Ya moyo wake ndiyo yaliyonikalisha nikuandikie barua ya karatasi, maana kwenye simu wewe hunikatiza kwa mzaha, nikacheka, nikasahau nilichotaka kusema. Leo hutanikatiza.

Nilikwenda nyumbani Hallstatt mwezi wa Agosti. Najua, cheka kwanza umalize. Mimi niliyeapa kwamba sitakanyaga kwetu tena wakati wa msimu! Ila Shangazi Gusti, yule jirani wa nyumba ya chini, amevunjika mkono, na Mama akakosa mtu wa kumsaidia kazi ya vyumba vya wageni. Miaka yote akinipigia simu majira ya joto husema, "Baki huko huko Linz, hapa hata paka hana pa kujinyoosha." Safari hii alisema tu, "Rosi, njoo." Nikaomba likizo siku hiyo hiyo.

Treni ikanishusha ng'ambo ya ziwa kama kawaida, na foleni ya kivuko ilikuwa imepanda hadi kwenye reli. Nikasimama nyuma ya masanduku ya magurudumu. Kijiji nilikiona chote, nyumba zimebanana kati ya mlima na maji, mnara wa kanisa, hata paa letu nikalitambua. Kivuko kikajaa, kikaondoka, kikarudi, kikajaa tena kabla sijafika. Kaka, kijiji chetu nilikuwa nakitazama kwa macho yangu na bado nakitamani, kama mtoto aliyefungiwa nje ya kwao. Sijui kama nawe hukitamani hivyo ukiwa katika hiyo nchi yako tambarare. Hujawahi kuniambia, nami sijawahi kukuuliza.

Mlangoni kwetu nikamkuta bibi harusi ameegemea maua ya Mama, shela yake imezagaa kwenye vidato. Mpiga picha akanipungia mkono nisogee kando.

"Dada, unaniharibia picha," akasema.

"Na wewe unaniharibia mlango," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa humu."

Akanipiga picha na mimi! Sasa nadhani niko katika albamu ya harusi ya watu, nimenuna, na mkoba begani.

Jikoni nako, mzee mmoja mwenye kofia ya jua alikuwa ameketi kwenye benchi letu anakunywa supu ya madonge ya jibini.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza Mama kwa sauti ya chini.

"Nitajuaje? Niliacha mlango wazi kwa sababu ya joto, akaingia, akaketi, akaomba orodha ya vyakula. Nimfukuze na hilo jua lote? Tena anakula vizuri kukushinda wewe."

Yule mzee akaniinulia kijiko kwa heshima zote. Alipomaliza akaosha bakuli lake mwenyewe, akainama, akaenda zake. Tangu hapo kila joto likizidi Mama humtaja, eti ndiye mgeni bora aliyepata kumfikia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka majira yetu ya joto? Shule ikifungwa tu, marehemu Baba anaviringisha magodoro yetu, anatangaza, "Haya, wenye nyumba juu!" Watu wa Vienna wanalala vitandani mwetu, na sisi wawili tunalala darini kati ya vitunguu na skii kuukuu za kutelezea theluji, tukisikiliza watoto wa wenzetu wakicheza na vitu vyetu. Mimi nilipenda. Mvua ikinyesha juu ya vigae vya mbao nilijiona niko ndani ya meli. Wewe hukupenda hata siku moja. Ulikuwa unalala umenipa mgongo, na ulikuwa ukisema kwamba ukiwa mkubwa utakuwa na kitanda ambacho hakuna mgeni atakayekilalia.

Sidhani kama unajua alichofanya Mama ulipoondoka. Chumba chako hakukipangisha. Mwaka wa kwanza nilidhani ni uchungu tu, utapita. Haukupita. Nyumba nzima inajaa, watu wanabisha hodi wamelowa chepechepe, wanabembeleza kwa lugha zote, naye anawajibu, "Samahani, kile kina mwenyewe." Tena kila Jumamosi, akibadilisha shuka za wageni, alibadilisha na zako. Kitanda ambacho hakuna aliyekilalia! Shangazi Gusti alimwambia amerukwa na akili, kwamba vyumba vyenyewe ndivyo vinavyomlisha. Mama akamjibu, "Basi nitakula kidogo."

Na mimi nilipokwenda kumsalimia, hata nje ya msimu, unadhani nililala wapi? Kwenye benchi la jikoni, Kaka, miguu inaning'inia. Siku moja nilimwomba kitanda chako, kwa usiku mmoja tu, kwa sababu mgongo uliniuma. Akasema, "Je, akija?" Wakati huo wewe ulikuwa huko ng'ambo ya bahari, hata tiketi huna. Nitakwambia ukweli, nilikuonea wivu. Niliona kwamba wewe uliyekwenda unapendwa kuliko mimi ninayekuja.

Safari hii nilipofika nikaweka mkoba wangu kwenye benchi, kama nilivyozoea. Mama akauchukua, akanipa shuka mbili na foronya.

"Kalale kwa Leonhard," akasema.

Nilipanda ngazi nimefurahi, nisikufiche. Nikatandika, nikafungua dirisha, nikaona maji yote hadi ng'ambo. Ndipo nikatazama vizuri. Mashati yako hayapo. Kofia yako ya manyoya haipo kwenye msumari. Vyote vilikuwa kwenye sanduku chini ya ngazi, vimekunjwa, vimefungwa kwa kamba. Furaha yote ikanitoka. Kitanda nilichokitamani miaka nenda miaka rudi nilikuwa nimekipata, nami nikakilalia macho wazi, kwa sababu kama Mama amenipa kitanda chako, basi ameacha kukungojea.

Asubuhi tulipokuwa tunamenya viazi nikamuuliza. Hakuzunguka.

"Kanunua nyumba," akasema.

"Nyumba si kosa, Mama. Ana mke, ana mtoto."

"Nani kasema kosa? Nimefurahi. Nimempigia simu nikamwambia nimefurahi. Lakini mtu akinunua nyumba, Rosi, amekwisha kusema yuko wapi. Na mimi nimechoka kutandika kitanda kisichochafuka. Jumamosi chumba kinaingia wageni."

Alisema hivyo huku akiendelea kumenya, maganda yake membamba kama kawaida yake. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Nikakutetea, nikasema uliahidi kurudi, kwamba ulisema kabisa utarudi wageni wakipungua.

"Wageni!" Mama akacheka. "Chungulia hapo nje."

Nikachungulia. Kichochoro kilikuwa kimejaa kuanzia ukutani hadi ukutani, na watu walikuwa wanapita pole pole kama maandamano ya sikukuu yasiyo na padri.

Ndiyo maana nakuandikia, Kaka. Ulikuwa na haki ya kuchoka. Nakumbuka siku uliyomkuta mtu bafuni kwako akipiga mswaki na mswaki wako. Lakini hao unaowangojea wapungue hawapungui. Zamani tulikuwa na Novemba, unakumbuka wanakijiji walivyokuwa wakitembeleana, hakuna kelele ila maporomoko ya maji nyuma ya nyumba. Siku hizi hata Novemba wapo, hata Januari, na theluji magotini. Ukiungoja utulivu ule utamngojesha Mama mpaka asiwepo. Anavaa koti la sufu hata mchana, na akipanda kanisani husimama kila kona, anajifanya anatazama ziwa. Mimi najua anapumzika.

Sikuombi uuze nyumba yako. Nakuomba uje. Njoo Agosti, kama ni Agosti tu unayopata. Mlete Edie aone jinsi watu wanavyopiga picha chupi za bibi yake kwenye kamba. Ulale darini, unuse vitunguu, unune ukitaka. Mimi nimekukumbuka hata kununa kwako.

Acha nimalizie na la Jumamosi, kisha nikuachie uamue mwenyewe.

Wageni wa chumba chako walikuwa mtu na mkewe, vijana kutoka Brazili, watu wazuri, hawajui neno hata moja la kwetu. Mama aliwapokea kwa tabasamu la kazi, akawaonyesha taulo, akateremka. Wakaenda zao mlimani. Jioni wakarudi, mke akabaki nje akitazama bata maji, na mume, mrefu kweli kweli, akapanda ngazi na mabuti yake ya mlimani. Tukamsikia akitembea chumbani kwako, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, mbao zinalia. Mama alikuwa anakaanga samaki, amenipa mgongo. Bila kugeuka, akainua uso kuelekea dari, akapaza ile sauti iliyokuwa ikituita kutoka ziwani:

"Leonhard! Vua viatu, ndiyo kwanza nimepiga deki!"

Juu hatua zikakoma. Kisha tukasikia buti moja likiwekwa sakafuni, na la pili, halafu nyayo tupu, taratibu sana.

Mama akabaki ameshika mwiko. "Nimemwita nani?" akaniuliza.

"Umemwita Leonhard, Mama."

Akasikiliza tena zile nyayo, kitambo kizima, samaki wanaungua. Halafu akazima jiko.

"Basi si yeye," akasema. "Yeye hakuwahi kuvua kwa kuitwa mara moja."

Akaketi kwenye benchi, ndipo akalia.

Nisalimie sana wifi Colleen, na umbusu Edie kwenye mashavu yote mawili. Shangazi Gusti anakusalimu kwa mkono wake mzima, na anasema bado hujamrudishia ndoano zake za kuvulia. Mama hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo usimwambie. Mpigie tu simu umtajie tarehe.

Mungu awalinde nyote watatu, na aisimamie safari yenu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponinyamazia,

Roswitha