Alichosema Wifi

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yako yamekubali kukanyaga cherehani bila ugomvi. Mimi mwili hauna neno. Kazi ni ile ile: naosha na kuchemsha vyombo vya daktari wa meno, koleo, ndoana, vioo vidogo vya mdomoni, kutwa nzima mate na damu za watu. Nimezoea. Nakwambia nimezoea ili ujue kwamba ninaposema leo nimechefukwa, sisemi juu ya mate.

Jana mchana nilikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, nyuma ya nyumba ninayopanga. Yule mtoto wa jirani yetu wa ukuta, aliyenipokea nilipofika huku akanitafutia chumba, watu wa nyumbani walimchagua kuongoza umoja wetu, na sasa kila mtu anamwita Mwenyekiti. Alikuwepo na mkewe. Wifi alikuwa amechanganya mashati yake meupe na kitambaa chekundu, yakatoka na rangi ya ufizi. Mwenyekiti alilitazama shati moja, akalikunja taratibu likiwa bado linachuruzika, akampiga nalo usoni. Kisha kofi. Kisha ngumi ya mbavu, wifi akaketi sakafuni kati ya mashine mbili kama mzigo ulioteremshwa.

Tulikuwa watu tisa humo ndani. Mzee mmoja alisogeza kikapu chake kisirukiwe na maji. Binti mmoja aliinua simu akapiga picha. Mume na mke wenye kigari cha mtoto waligeuka wakatazama nguo zao zikizunguka, kwa makini, kama zinasoma taarifa ya habari. Ni mwanamke mmoja tu, mama wa posta aliyeingia na sare yake na mkoba wa barua, aliyekwenda kusimama mbele ya Mwenyekiti akamwambia acha. Akaacha. Baadaye wakaondoka wote wawili, yeye amebeba kapu la nguo, na mlangoni akamtanguliza mkewe kwa adabu.

Tangu jana chakula hakipiti. Watu wa huku wakiona paka amekwama juu ya mti wanaita gari lenye ngazi. Jana walikuwa wakikunja soksi. Niambie mama, mtu aliye ugenini akiona hivyo aingilie, au ashike njia yake?

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ndiyo yana jambo. Cherehani imeanza kukohoa kama mtu mzima, na sare za shule bado rundo. Kula mwanangu. Kutokula kwako hakumsaidii mtu, kunakukondesha tu.

Umeniuliza, nakujibu. Usiingilie. Ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki mke wa fundi baiskeli. Mumewe alimpiga barabarani na pampu ya kujazia upepo, watu wamesimama wanatazama, mimi nikatoka na futi yangu shingoni, nikamvuta yule mwanamke, nikamfungia humu ndani. Alilala kitandani kwangu siku tatu. Juma lililofuata wakaja wote wawili, yeye amemshika mumewe mkono, akaniambia mbele ya wateja, "Wewe mama, nguo za kushona zimekwisha mpaka ushone na ndoa za watu? Au unamtaka?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. Tangu siku ile nikisikia kelele nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Na huko kwa watu ndiyo kabisa. Wewe ni mgeni, karatasi zako za kuishi zinahesabika, na yule kijana alikupokea. Mama yake nakaa naye ukuta kwa ukuta mwaka wa thelathini huu.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili. Umenieleza mzee, umenieleza binti mwenye simu, hata kigari cha mtoto nimekiona. Wewe ulikuwa umesimama wapi?

Mama yako


Jumatano, tarehe 3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, mengine utayasoma. Nakuombea magoti.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Barua ile niliipangilia vizuri ili usinione, ukaniona.

Mama wa posta hakuishia kusema acha. Alichuchumaa mbele ya wifi akamuuliza kama anataka msaada, kama aite polisi. Wifi hajui lugha ya huku, mwaka wa pili huu, Mwenyekiti hataki asome. Mama wa posta akatazama huku na huku, akaniona mimi, akaniuliza kama nafahamu anachosema huyu mwanamke. Nikasema ndiyo.

Wifi alinishika upindo wa sketi. Akasema, "Mwambie asiondoke. Mwambie nikirudi na huyu leo ataniua. Mwambie aite watu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

Mwenyekiti hakunitisha. Ningependa kukwambia alinitisha. Alijifuta mikono kwenye suruali akasema, "Mdogo wangu, mweleze huyu mama tumekosana kidogo, mambo ya nyumbani." Akatabasamu, kama siku ile aliponipokea na koti zito mkononi.

Nikamgeukia mama wa posta nikamwambia: anakushukuru, anasema ni jambo la familia, hana shida. Nilipatia hata lafudhi. Miaka mitatu watu wa huku wananirekebisha matamshi, na sentensi yangu ya kwanza isiyo na kasoro ikawa ile. Mama wa posta akaniuliza, "Amesema hivyo kweli?" Nikasema, "Hivyo hivyo." Wifi alikuwa anatutazama kwa zamu, midomo yetu, anangoja. Nilimwona alipoelewa. Aliuachia upindo wa sketi, kidole kimoja kimoja.

Kwa hiyo yule mzee na kikapu chake ana nafuu. Yeye hakufanya kitu. Mimi nilifanya.

Siku hizi nikisafisha vyombo naogopa kujiangalia kwenye vile vioo vidogo, si kwa majuto ya vitabuni, ni kinyaa tu, kama kuukuta unywele kwenye chakula ulichokwisha kumeza. Jumamosi mbili wifi hajaonekana. Nilikwenda mpaka mlangoni kwao, nikasikia redio, nikarudi.

Lakini mama wa posta hakuniamini. Alikwenda kutoa taarifa, na jana nimepata barua ya polisi: niende tarehe 24 mwezi huu kama shahidi, kueleza nilichosikia. Nitakwenda, mama. Nitasema alichosema. Pengine na mimi watanishtaki kwa uongo, pengine karatasi zangu zitaingia dosari. Nimefikiria yote hayo, bado nitakwenda.

Mwanao


Jumatano, tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nimesoma, nimelia, nimenawa uso, nimefanya inavyopasa mzazi. Tulia sasa. Nimelimaliza.

Jumatatu ya tarehe 15, asubuhi, nilijifunga kanga nikaenda kwa jirani. Sikwenda kwa shari. Nilimwambia, "Shoga yangu, watoto wetu huko wanataka kutuaibisha, tuwahi." Hakuamini. Akasema mwanawe mpole, hata kuku alikuwa hachinji. Ndipo nikamsomea barua yako, ule ukurasa wa pili wote, mpaka mwisho. Akalia, nikamshika. Kisha akampigia simu mwanawe papo hapo mbele yangu. Alimgombeza sana, mwanangu, ungesikia ungefarijika. Alimwambia, "Unampiga mtoto wa watu mpaka polisi wanaita mashahidi? Mpaka mkeo anasema utamuua?" Na yeye nilimsikia kwa masikio yangu: ndiyo mama, nimekosa mama, nitakaa naye tuzungumze leo leo.

Kwa hiyo limekwisha kwa njia yetu, bila kumvua mtu nguo. Wazee wake nao watamwandikia. Huna haja tena ya kwenda kwa polisi tarehe 24. Waambie umeugua tumbo.

Ule sasa.

Mama yako


Alhamisi, tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nakuuliza hali yako kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuanza barua.

Barua yako imefika jana. Kabla haijafika kulikuwa na vitu viwili sivielewi, sasa naelewa vyote.

Cha kwanza. Alhamisi tarehe 18, saa ya chakula cha mchana, Mwenyekiti alikuja kazini kwangu. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akachukua gazeti, akaniambia bila kuinua macho, "Nasikia ulipatia hata lafudhi." Akaendelea, "Kidole kimoja kimoja, eti. Una kipaji, mdogo wangu, uandike vitabu." Kisha akalikunja gazeti vizuri akalirudisha mahali pake. "Ule uongo tuliusema pamoja. Ukinichongea, jua unachonga kaburi la watu wawili." Wiki mbili nimejiuliza alitoa wapi maneno yangu. Niliwaza kwamba anaingia chumbani kwangu. Nilibadilisha kitasa.

Cha pili nilikisikia kwa polisi. Nilikwenda tarehe 24, sikuugua tumbo. Afisa alinieleza kwamba wifi yuko hospitali, taya limevunjika sehemu mbili. Alifikishwa jioni ya Jumatatu, tarehe 15. Mumewe alimpeleka mwenyewe, na kwa kuwa wifi hajui lugha, mumewe ndiye aliyemtafsiria kwa daktari. Akasema ameteleza kwenye ngazi.

Tazama tarehe ya barua yako, mama. Asubuhi alisema nimekosa mama, nitakaa naye leo leo. Ndivyo alivyokaa naye.

Mwanzoni sikukuandikia "usimwambie mtu", kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba mtoto akimwandikia mama yake inabidi aandike hivyo.

Nilieleza yote. Afisa aliandika, akanisomea, nikasaini kwamba tarehe 2 Machi nilisema uongo kwa makusudi. Wakampelekea wifi mkalimani wa mbali, asiyejuana na mtu wa umoja wetu. Kwa sababu mdomo umefungwa waya aliandika kwenye karatasi, kurasa sita. Ameandika kwamba siku ya mashati kulikuwa na msichana wa nyumbani hapo hapo, na alisikia kila kitu. Ndivyo tu alivyonitaja. Nilituma kuomba nimwone, akakataa. Ana haki.

Sasa yuko kwenye nyumba ya wanawake, haijulikani mtaa gani. Mwenyekiti yuko ndani. Kesi ni tarehe 27 Juni. Wakili wake anasema wifi anayazua yote sasa, kwa sababu ya hospitali, hivyo maelezo yangu ndiyo yanayoonyesha kwamba aliomba msaada tangu Machi. Watu wa umoja wanavuka barabara wakiniona. Mke wa katibu alinitemea mate karibu na kiatu, akasema, "Mwizi wa chumba, ulipewa pa kulala ukawashukuru kwa pingu." Nilikitazama kiatu.

Usimsomee mtu barua hii.

Mwanao


Jumapili, tarehe 9 Juni

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, sisi huku hatujambo. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba wazee wamekaa kikao nyumbani kwangu leo na wamelizungumza suala lako kwa busara. Imeonekana kwamba siku ile ulikuwa umechoka na kazi, tena mashine zilikuwa na kelele nyingi, hivyo hukusikia vizuri alichosema wifi yako. Kijana amekiri kwamba walikosana kidogo, na familia imeshamkanya. Kwa hiyo nakuomba mimi mama yako mzazi uende kwa wahusika kabla ya tarehe 27 mwezi huu ukafute maelezo yako, ili ndoa ya watu isivunjike na jina la mtaa wetu lisichafuke. Ukikaidi, usihesabu kwamba una mama. Ni mimi kwa hiari yangu,

Mama yako

Nyuma ya karatasi

Wamekwenda. Hayo ya mbele ni yao. Walikuwa wanne: jirani, ami wawili wa Mwenyekiti na shangazi yake. Ami mkubwa alikuwa anatembea humu kati ya vitambaa, mikono nyuma, anatoa imla kama mwalimu. Alipofika kwenye kelele za mashine nilimuuliza, "Na taya nalo lilivunjwa na kelele?" Akaniambia, "Mama, andika." Nikaandika. Jirani nilimtazama, nikamwambia shoga yangu, ulimpigia simu mbele yangu, unajua. Akasema, "Mwanamke gani hajawahi kuteleza kwenye ngazi?" Akaomba sukari zaidi.

Nimewaandikia yote mpaka mwisho bila kufuta hata neno moja. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko wao. Nimeliacha ulione kwa mwandiko wangu, ujue hata mimi inanitoka kirahisi.

Mwezi mzima sikukujibu. Barua nilizianza nyingi, kila moja inaanza kwa kunitetea, nikazichana. Nilikwenda nikazitazama tarehe kwenye kalenda kama ulivyoniambia. Yule mtoto wa watu mimi ndiye niliyempelekea ile siku, kwa miguu yangu, nimejifunga kanga. Nilidhani nakwenda kumwokoa yeye. Ukweli nilikwenda kuokoa ujirani.

Wamesema nisipoipeleka hii posta, mtaa mzima utanihama. Wameshaanza. Sare za mwaka huu zimepelekwa kwa fundi wa kule sokoni, ambaye hata mfuko hajui kuupachika. Waache wavae mifuko ya kando.

Barua naipeleka kweli, kesho asubuhi, jirani akiniona.

Alipotoka alinishika mkono kama kila siku, akanikumbatia, akaniambia tumelimaliza. Nimenawa mkono. Nimeukausha, nikaona bado. Nimenawa tena kwa sabuni ya kufulia, ndipo nimekaa kukuandikia.

Nenda tarehe 27. Wakikuuliza alisema nini, waambie kama alivyosema. Na wakikuuliza Mwenyekiti alijuaje kwamba umeitwa, waambie ni mama yako. Usinifiche kama ulivyojificha wewe kwenye barua ya kwanza.

Mama yako